Shawa ya umeme inatoa maji vuguvugu: pima kwanza, kununua baadaye

Shawa ikianza kutoa maji vuguvugu, wengi wetu hapa Dar es Salaam tunakimbilia Kariakoo kununua nyingine. Wiki inayofuata ile mpya nayo inatoa vuguvugu lilelile. Analaumiwa fundi, linalaumiwa duka, na shawa ya zamani ambayo haikuwa na kosa lolote imeshakwenda jalalani.

Ukweli ni kwamba shawa ya papo kwa papo, ile ya plastiki inayofungwa ukutani juu ya kichwa, ni kifaa kijinga kabisa. Nyingi hazina kipimajoto ndani, hazijui maji yanaingia na ubaridi gani, wala hazijui wewe unataka nyuzi ngapi. Kazi yake ni kumwaga kiasi kilekile cha joto ndani ya maji yoyote yanayopita. Yakipita mengi, kila lita inaambulia kidogo. Umeme ukiwa dhaifu, joto lenyewe linapungua. Kwa hiyo uliza maswali matatu, tena kwa mpangilio huu: maji yanapita kiasi gani? Umeme unafika na nguvu gani? Na mwisho kabisa, je, elementi (waya wa ndani unaopasha maji) ni nzima? Wanaoanza na swali la tatu ndio wanaonunua shawa mbili kwa mwaka.

Wenye boila ya tenki wana sehemu yao mwishoni.

Usalama, kabla ya bisibisi

Hapa maji na umeme wa ampea 25 vinakaa kwenye chombo kimoja juu ya kichwa cha mtu aliye uchi na aliyelowa. Kuzima swichi ya pembeni ya mlango wa bafu hakutoshi. Kuna swichi zinazokata waya mmoja tu, na kuna nyumba ambazo fundi aligeuza waya, swichi ikawa inakata nyutro (waya wa kurudisha umeme) huku laivu (waya unaoleta umeme) ikibaki hai ndani ya shawa. Zima breka kwenye bodi. Kisha gusa nyaya za shawa kwa tesita, lakini tesita hiyo uijaribu kwanza kwenye soketi yenye umeme ili ujue haijafa. Kama unaishi na wengine, bandika karatasi kwenye bodi au mwachie mtu asimame hapo. Watoto hupenda kuwasha kilichozimwa.

Ukiwa unaoga na ukahisi koki ya chuma inakutekenya vidole, toka, zima, usiitumie tena mpaka fundi aje. Mtekenyo huo ni umeme unaotafuta njia ya kwenda ardhini, na njia iliyoipata ni wewe.

Hesabu moja ya kukumbuka

Kupandisha joto la maji yanayopita lita moja kwa dakika kwa nyuzi moja kunahitaji takriban wati 70. Chukua wati zilizoandikwa kwenye shawa, gawanya kwa 70, kisha gawanya kwa lita zinazopita kwa dakika. Jibu ni nyuzi ambazo maji yataongezeka.

Shawa ya wati 5,500, gawanya kwa 70, unapata kama 78. Yakipita lita 4 kwa dakika, maji yanapanda nyuzi 19. Yakipita lita 5, nyuzi 15 na ushee. Yakipita lita 8, hayafiki hata nyuzi 10.

Watu wengi huridhika na maji ya kuoga ya nyuzi 38 hadi 40. Mchana wa Februari maji ya simtank yamepigwa jua, yanaweza kuwa nyuzi 30 au zaidi, kwa hiyo hata shawa mbovu inaonekana nzima. Alfajiri ya Julai, kwenye kipupwe, maji hayohayo yanaweza kuingia yakiwa nyuzi 24. Sasa unahitaji nyongeza ya 15, na shawa inayopitisha lita 8 inakupa 34, ambayo ngozi inaihesabu kuwa baridi. Ndiyo maana malalamiko ya shawa Dar yanaanza Juni na kupotea Oktoba bila mtu yeyote kutengeneza kitu.

Hatua ya kwanza: ndoo na saa

Zima breka. Chukua ndoo ya lita 10. Kama haina alama, mimina humo chupa nne za maji za lita moja na nusu, piga mstari kwa kalamu ya rangi. Hapo ni lita 6. Fungua koki kama unavyoifungua siku zote unapooga, usiongeze wala usipunguze. Kinga ndoo chini ya shawa (mfuko wa plastiki uliokatwa kitako na kufungwa kwenye kichwa cha shawa unazuia maji kurukia pembeni) na hesabu sekunde mpaka maji yafike kwenye mstari.

Sekunde 60 ni lita 6 kwa dakika, sekunde 72 ni lita 5, sekunde 90 ni lita 4. Kwa shawa ya wati 5,500 na umeme mzuri, popote kati ya sekunde 60 na 100 panafaa. Chini ya sekunde 50, maji yako ni mengi mno kwa shawa yoyote ya ukubwa huo, na ukinunua mpya unatupa hela. Zaidi ya dakika mbili, maji ni machache, na hapo tatizo linakuwa la aina nyingine.

Maji yakiwa mengi, dawa ya haraka ni kupunguza koki. Lakini koki ya kuzungusha robo haina utulivu. Leo unaipata, kesho mgeni anaifungua yote. Dawa ya kudumu imo kwenye boksi la shawa na kwa kawaida hutupwa pamoja na boksi: kipete kidogo cha plastiki chenye tundu jembamba katikati. Watu hudhani ni washa ya ziada. Hicho ndicho kipunguza presha, na kinakaa kwenye mdomo wa shawa pale inapojifunga kwenye bomba. Kama kimepotea, fungisha geti valvu ndogo kwenye bomba linalokwenda shawani, ipunguze mpaka ndoo isome sekunde 75 hivi, kisha usiiguse tena.

Maghorofa ya Upanga na Kariakoo yanafundisha jambo hili vizuri. Tenki liko juu ya paa. Kila mita ya kimo cha maji juu ya shawa inaleta presha ya kama kilopaskali (kPa) 10. Mpangaji wa chini, mwenye ghorofa nane juu yake, anapata zaidi ya kPa 200, maji yanamchapa kama mvua ya masika na ni vuguvugu. Mpangaji wa juu kabisa ana mita moja na nusu tu, na shawa yake haiwaki. Wote wawili wanaweza kuwa wamenunua shawa ileile duka lilelile siku moja. Wa chini anahitaji kipete, wa juu anahitaji pampu.

Kwenye nyumba za chini zenye pampu ya presha, sikiliza. Kama maji yanakuwa moto pampu ikinyamaza na yanapoa ikiunguruma, huna haja ya kupima zaidi.

Maji yakiwa machache

Ndani ya shawa kuna mpira mwembamba wa duara, unaofanya kazi kama ngozi ya ngoma. Presha ya maji inausukuma, nao unasukuma vidole vya shaba vigusane ndipo umeme upite kwenye elementi. Ukifungua koki kwa kawaida unasikia "tak" ndogo kisha mngurumo hafifu. Kama "tak" hiyo haipo, shawa haijawaka kabisa, na maji ni baridi, si vuguvugu. Shawa nyingi zinahitaji angalau kPa 10, yaani mita moja ya maji juu yake, na hiyo ni baada ya kuondoa kinacholiwa na viwiko na koki njiani.

Sasa fikiria mnara wa kawaida: kitako cha tenki kiko mita 3 kutoka chini, shawa iko mita 2.1. Tofauti haifiki hata mita moja. Tenki la lita 1,000 likijaa linaongeza zaidi ya mita moja ya kimo, shawa inawaka vizuri. Likifika robo, shawa inawaka na kuzima, au inakataa. Kama shawa yako ni nzuri siku maji ya DAWASA yalipotoka na mbovu siku ya tatu ya mgao, usifungue kitu. Pandisha mnara, au weka pampu ndogo ya kuongeza presha kwenye bomba linalotoka tenkini. Chagua yenye swichi ya mtiririko, inayojizima yenyewe maji yakikatika, la sivyo itaungua siku tenki likikauka.

Kabla ya gharama hizo, angalia vitu vya bure: koki kuu ya tenki iliyofunguliwa nusu, chujio la wavu kwenye mdomo wa shawa lililojaa mchanga na vipande vya tepu nyeupe ya kufungia mabomba, na sahani ya matundu iliyozibwa na chokaa.

Hatua ya pili: umeme unafika na nguvu gani

Hapa ndipo wengi wanaposhangaa. Volti zikipungua kidogo, joto linapungua sana, kwa sababu nguvu ya elementi inafuata volti mara volti. Shawa iliyoandikwa wati 5,500 kwa volti 220 inatoa hivi: kwa volti 200, kama wati 4,500, kwa 190, kama 4,100, kwa 180, kama 3,700. Yaani volti zimepungua chini ya sehemu moja kati ya tano, lakini theluthi ya joto imekwenda. Taa zako za LED haziwezi kukuambia. Nyingi zinawaka vilevile kwa volti 180.

Huhitaji kufungua nyaya ili upime. Tumia multimita kwenye soketi, au kile kidude cha kulinda friji chenye namba za volti. Soma mara mbili: shawa ikiwa imezimwa, na shawa ikiwa inafanya kazi kwa moto wa juu.

Ukisoma 228 kisha 221, umeme wako ni mzuri, ruka uende hatua ya tatu. Ukisoma 190 hata kabla ya kuwasha shawa, tatizo liko mtaani: transfoma imezidiwa au uko mwisho wa laini. Hali hii huwa mbaya zaidi kati ya saa 12 jioni na saa 4 usiku. Pima saa 9 alasiri na saa 2 usiku kwa siku nne tano, andika namba na saa, waombe na majirani wawili wafanye hivyo, mpeleke TANESCO. Malalamiko yenye namba yanasikika kuliko "umeme wetu mdogo". Wakati mnasubiri, punguza maji: kwa wati 3,700, lita 3.5 kwa dakika bado zinakupa nyuzi 15. Stabilaiza si jibu. Ya kubeba shawa ya wati 5,500 inatakiwa iwe kubwa mno, na bei yake haina maana kwa ajili ya dakika kumi za kuoga.

Ukisoma 225 kisha ghafla 195, hiyo ni hatari. Kuna kiungio kimelegea mahali fulani: kwenye nguzo, kwenye mita, au kwenye meni swichi. Volti 30 zilizopotea hazikupotea hewani. Zinageuka joto hapohapo kwenye kiungio, karibu wati 700, na moto wa nyumba huanza hivyo. Acha kutumia shawa. Upande wa nguzo na mita ni wa TANESCO, seal isiguswe; kuanzia meni swichi kuingia ndani ni wa fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Na kama nyumba ina fezi tatu na ukaona baadhi ya taa zinafifia huku nyingine zinang'aa kupita kawaida, zima meni swichi papo hapo, nyutro imeachia.

Kuna kipimo kingine ambacho ni kitamu zaidi, na hakihitaji kifaa. Mita ya LUKU ina kitaa chekundu kinachopepesa. Karibu nacho pameandikwa idadi ya mipepeso kwa uniti moja, mara nyingi 1000 au 1600. Zima kila kitu nyumbani, friji pia. Washa shawa pekee, kisha hesabu mipepeso kwa dakika nzima. Zidisha kwa 60, gawanya kwa ile namba ya kwenye mita; jibu ni kilowati. Kwa mita ya 1000, mipepeso 92 ni kilowati 5.5, shawa inakula chakula chake chote. Mipepeso 60 ni kilowati 3.6. Ukipata 60 huku volti ni 220, elementi au vidole vya shaba vina kasoro. Ukipata 92 na maji bado vuguvugu, rudi kwenye ndoo. Hakuna fundi umeme atakayekusaidia.

Hatua ya tatu: kufungua shawa

Umefika hapa kwa sababu maji ni sawa na umeme ni sawa. Angalia kwanza swichi ya shawa yenyewe: watoto au mfagiaji wanaweza kuwa wameisogeza kwenye nafasi ya kati. Ukiisogeza, maji yawe yamefungwa. Kuihamisha wakati shawa inawaka kunachoma vidole vya ndani.

1. Zima breka, thibitisha kwa tesita. Fungua koki maji yatoke baridi kidogo, kisha funga. Piga picha ya nyaya zilivyoungwa.

2. Zungusha sahani ya matundu uitoe. Iloweke kwenye siki kwa saa mbili tatu, au kwenye maji ya ndimu ukikosa siki, kisha sugua kwa mswaki wa zamani. Usitoboe matundu kwa sindano. Ukiyapanua umeongeza maji, na umerudi pale pale.

3. Fungua skrubu za mwili wa shawa. Juu utaona mpira wa duara. Unyooshe dhidi ya mwanga. Tundu dogo kama la pini linatosha kufanya shawa iwake kwa kusitasita. Mpira uliokakamaa nao ubadilishwe.

4. Angalia vidole vya shaba. Weusi hafifu unatoka kwa msasa laini sana. Vikiwa vimechimbika au plastiki inayovizunguka imeyeyuka, usihangaike, nunua shawa nyingine. Hapa ndipo pesa ya shawa mpya inapokuwa halali.

5. Elementi ni waya uliosokotwa kama springi. Ukikatika hukatika mara nyingi karibu na ncha zake, na unaona kwa macho. Kwenye shawa ya moto wa ngazi mbili, waya una vipande viwili vyenye mguu wa kati. Kipande kimoja kikikatika unaweza kubaki na ngazi ya vuguvugu pekee, na mara nyingi hiki ndicho kisa cha shawa "iliyopoa" ghafla usiku mmoja.

6. Pima kwa multimita, kwenye ohm 200. Gusanisha kwanza vijiti viwili vya mita, namba utakayoona (0.3 au 0.5) iondoe kwenye jibu. Elementi ya wati 5,500 kwa volti 220 isome karibu ohm 8.8. Kanuni ni volti mara volti, gawanya kwa wati. Ikisoma 11, una wati 4,400. Isiposoma kitu, imekatika.

7. Unapokwenda kununua elementi, beba ya zamani mkononi. Ilingane umbo, wati na volti. Shawa nyingi za mtindo huu asili yake ni Brazili, na huko kuna maeneo yanayotumia volti 127 na mengine 220. Elementi ya 127 inaweza kufanana kabisa na ya 220, ila kwa umeme wetu inakatika kabla hujamaliza kunawa mikono. Soma maandishi, usiamini umbo.

8. Ukisharudisha kila kitu, fungua maji kwa nusu dakika breka ikiwa bado imezimwa, mpaka chumba cha elementi kijae. Kisha funga maji, washa breka, fungua maji tena. Elementi inayowashwa bila maji inakufa ndani ya sekunde chache. Shawa nyingi mpya zinaharibika siku ya kufungwa kwa kosa hili, na fundi anasema "hii ilikuwa mbovu dukani".

Nyaya

Shawa ya wati 5,500 inavuta ampea 25 hadi 27. Waya wake utoke kwenye bodi moja kwa moja, usipite kwenye soketi yoyote: milimita 4 ndiyo kiwango cha chini, milimita 6 ndiyo tunayopendekeza, na breka ya ampea 32. Plagi ya kawaida ni ya ampea 13. Ukiona shawa imechomekwa kwenye soketi, hata kama inafanya kazi, ni suala la siku tu.

Nyumba nyingi zina waya wa milimita 2.5 kwa sababu ndio uliobaki kwenye roli la soketi. Kwa umbali wa mita 20, waya huo unapoteza volti 7 na unamwaga wati 185 za joto ndani ya ukuta. Hasara kwa maji ni ndogo. Hasara kwa nyumba ndiyo kubwa. Usijaribu kutibu breka inayoanguka kwa kuweka kubwa zaidi juu ya waya uleule. Breka ilikuwa inafanya kazi yake.

Kiungio kati ya waya wa ukutani na waya wa shawa ndicho kinachoungua mara nyingi kuliko vyote. Nyaya zimesokotwa kwa mkono, zikafungwa tepu nyeusi, zikasukumwa nyuma ya shawa kwenye mvuke. Tumia konekta ya kauri, si ya plastiki, na kaza skrubu zake, kisha zikaze tena baada ya mwezi. Ukihisi harufu ya plastiki inayoungua, au ukikuta swichi ya bafuni ina rangi ya kahawia pembezoni, kiungio kimeshaanza.

Waya wa kijani wenye mstari wa njano ni wa ethi, yaani wa kupeleka ardhini umeme unaovuja. Wengi huukata ufupi kwa sababu "shawa inawaka bila huo". Uungwe kwenye ethi ya nyumba, yenye fimbo iliyozikwa, kamwe usiungwe kwenye nyutro, na usifungwe kwenye bomba, kwa sababu mabomba yetu ya sasa ni ya plastiki na hayapeleki kitu ardhini. Kwenye bodi iwepo swichi ya kukata umeme unaovuja, ya miliampea 30. Ikianguka kila ukioga, usiiondoe. Soma sehemu inayofuata.

Maji ya kisima yenye chumvi

Kigamboni, Mbezi Beach na kwingineko karibu na pwani, visima vingi vina chumvi. Maji ya chumvi yanapitisha umeme vizuri, na kwenye shawa ya kawaida elementi iko wazi ndani ya maji. Umeme unavuja, ile swichi ya miliampea 30 inaanguka, mtu anatekenywa, na elementi inalika mpaka inakatika ndani ya miezi. Kipimo cha ulimi kinatosha: kama chai inaonja chumvi, usifunge shawa ya kawaida. Uliza ya maji chumvi, ambayo elementi yake imefunikwa kwa ganda la chuma. Wati zake soma kwa makini, maana hesabu ya 70 haibadiliki.

Wenye boila ya tenki

Hapa fikra ni tofauti, kwa sababu joto limehifadhiwa. Boila ya lita 50 yenye elementi ya wati 1,500 inahitaji kama saa moja na robo kutoka nyuzi 27 hadi 60, na inakula karibu uniti 2. Kuiwasha dakika ishirini kabla ya kuoga na kulalamika ni kutoitendea haki.

Maji yakiwa moto dakika mbili kisha vuguvugu, mara nyingi ni bomba la ndani la plastiki linaloshusha maji baridi hadi kitako cha tenki: limevunjika, na baridi inachanganyika juu pale moto unapotokea. Yasipopata moto kabisa, tafuta kitufe kidogo chekundu cha usalama kwenye thamostati (kifaa kinachodhibiti joto), chini ya kifuniko. Zima umeme, kibonyeze. Kikiruka tena wiki hiyohiyo, thamostati imekwisha.

Kuna kosa moja la kibomba ambalo linatesa nyumba nyingi. Baridi ya shawa imeungwa moja kwa moja na bomba la DAWASA au pampu, na boila inalishwa na simtank. Presha ya baridi inaishinda ya moto, inaisukuma irudi ilikotoka, na unaoga baridi huku boila imejaa maji ya nyuzi 60. Ili kujua, funga koki inayoingiza maji kwenye boila, kisha fungua upande wa moto bafuni. Maji yakiendelea kutoka, ni baridi inayovuka kupitia miksa (koki inayochanganya moto na baridi) fulani nyumbani, na mara nyingi si ya bafu lako bali ya jikoni. Unga pande zote mbili kwenye tenki moja. Ikishindikana, weka valvu ya kuzuia maji kurudi kwenye kila upande wa miksa.

Fimbo ya magnesiamu ndani ya boila, inayolika badala ya tenki, ikaguliwe kila mwaka, na kwa maji ya kisima kila miezi sita. Ikibaki nyembamba kama penseli, badilisha, na ukiwa umefungua hapo chota tope la chokaa lililolala kitakoni, ambalo linafunika elementi na kuifanya ichelewe kuchemsha.